Jino la Mama Kwenye Trei

Wiki iliyopita mliniacha nimekaa kitandani, kiboksi kiko wazi mapajani na ndani hamna kitu. Nimeambiwa wapo wasomaji waliotuma salamu za pole mpaka ofisini kwa mhariri. Asanteni sana. Mngezituma wakati ule zisingenikuta, maana mwili ulikuwepo lakini mwenyewe sikuwepo.

Kwa anayejiunga leo nitaeleza kwa ufupi. Wengine mnivumilie.

Nilikuwa nchi za watu nikisomea kutengeneza meno ya bandia. Chekeni tu, nimeshazoea. Chuo kilinipangia kuishi na familia ya wenyeji, kwenye nyumba nyembamba yenye ngazi zinazopiga kelele hata akipanda paka. Mwenyeji wangu alikuwa mama wa makamo, karani wa posta, niliyemwita Mama Mwenyeji. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, na nyumbani hakuonekana isipokuwa amekuja kubadilisha nguo. Chini, chumba cha jirani na jiko, alikaa mama mzazi wa huyo dereva, tuliyemwita Bibi. Mimi nililala juu, katika chumba kilichokuwa cha Bibi kabla magoti hayajamgomea.

Nikiwa huko, mama yangu mzazi akafariki. Sikuweza kurudi kumzika.

Kaka yangu alinitumia kitu kimoja tu kwa mkono wa msafiri: jino la dhahabu la mama. Si jino zima, ni ile kofia ya dhahabu aliyovalishwa jino la mbele enzi za ujana wake. Ilichomoka yenyewe hospitalini siku zake za mwisho, nesi akamkabidhi kaka. Mama alikuwa mshonaji, na maisha yake yote alikata uzi kwa meno. Mkasi ulikuwepo, lakini alisema mkasi ni wa vitambaa. Basi kwenye ukingo wa jino lile kulikuwa na kijifereji chembamba pale uzi ulipopita miaka yote. Ukipitisha kucha unakisikia.

Nililiweka ndani ya kiboksi cha plastiki cha kazini, nikakitia kwenye droo ya meza ya kitandani. Kila nilipoamka nilipitisha kucha pale, kisha nikavaa viatu nikaenda zangu. Kulia sikulia. Tangu simu ya msiba nilikuwa kama shavu lililochomwa sindano ya ganzi: unajua ni lako, lakini ukilifinya halikujibu.

Ijumaa asubuhi nililigusa. Jumamosi nilitoka mapema bila kuligusa; mchana nikafungua kiboksi, jino hakuna.

Nilipekua chumba kizima. Nilitoa droo nikaipindua, nikainua godoro, nikatambaa chini ya kitanda na kutoka na vumbi kichwani. Hakuna.

Nikakaa nikafikiri, kama wale wapelelezi wa kwenye televisheni. Dereva alikuwa safarini. Bibi hakuweza kupanda ngazi hata kwa kubebwa. Walioingia chumbani kwangu walikuwa wawili: Mama Mwenyeji, aliyekuja Jumamosi kubadilisha mashuka, na Dada Ndoo, aliyekuja Ijumaa kufagia.

Dada Ndoo alikuwa mwanamke wa usafi. Jina alipewa na Bibi, kwa sababu alikuja na ndoo yake mwenyewe kila mara, za watu hakuziamini. Naye alikuwa mgeni nchi ile, si wa kwetu, ila ugeni ulitufanya ndugu. Aliniita mdogo wangu. Yeye ndiye aliyenifundisha kuvaa soksi mbili mbili na kunionyesha wanapouza makoti ya mtumba. Siku ya simu ya msiba alikaa na mimi kwenye ngazi, akawa anafuta nguzo ile ile mpaka jioni ikaingia.

Huyo sikumshuku hata kidogo. Niliyemshuku ni Mama Mwenyeji.

Nilikuwa na sababu. Jumamosi ile alikuwa anaimba akianika mashuka, na mwanamke yule si wa kuimba. Nilipoingia jikoni alikuwa kwenye simu, akaikata haraka na kujitia anatafuta chumvi. Chumvi ilikuwa mbele ya pua yake.

Jioni, mezani, nikapiga moyo konde.

“Mama, kuna kitu changu sikioni.”

“Kitu gani, mwanangu?”

Hebu nisaidieni. Ningeanzaje kusema, watu wana vijiko mdomoni, kwamba natafuta jino la marehemu? Wangeniona mchawi. Wangenirudisha chuoni na mizigo yangu kabla supu haijapoa.

“Kitu cha marehemu mama yangu,” nikasema. “Ni kidogo tu.”

“Pete?”

“Hapana, si pete.”

“Hereni?”

Nikanyamaza, na yeye akauchukua ukimya wangu kuwa ndiyo.

“Hereni! Maskini mtoto wa watu. Ya dhahabu?”

“Ya dhahabu,” nikajibu.

Basi hereni ikazaliwa hapo hapo mezani, mbele ya mashahidi. Nilimtazama Mama Mwenyeji usoni nikitafuta alama ya wizi. Sikuona ila huruma, na huruma yake ikanizidishia shaka. Nilisema moyoni, huyu mama ni mwigizaji wa hali ya juu.

Bibi akaweka kijiko chini.

“Nyumba hii dhahabu haikai,” akasema. “Yangu nayo ilitembea kwa miguu yake.”

Hapo lazima niwaeleze. Bibi naye aliwahi kuwa na jino la dhahabu, likachomoka zamani, kabla mimi sijafika. Aliapa kwamba alilitia kwenye droo yake kule juu. Likapotea. Tangu siku hiyo alishikilia kwamba mkwe wake aliliuza akanunua mashine ya kufulia. Mashine ikiwashwa tu, Bibi anakwambia, “Msikilize, jino langu hilo linazunguka.” Wageni walicheka. Mama Mwenyeji hakuwahi kucheka. Kwa kawaida angekuja juu, vijiko vikalia, mlango ukabamizwa.

Siku ile hakuja juu. Alitabasamu kidogo, akamwongezea Bibi supu.

Nikaliona tabasamu lile nikajua kwa hakika kwamba nimekaa meza moja na mwizi.

Na ajabu ni kwamba sikukasirika. Nilimaliza chakula changu, nikaosha sahani, nikamshukuru.

Jumatatu Dada Ndoo alikuja kama kawaida, ndoo mkononi. Mama Mwenyeji alikuwa amechelewa kwenda kazini kwa makusudi. Akamwita jikoni. Mimi nilikuwa nimesimama na kikombe cha chai, koti limeshafungwa vifungo.

“Nitakuuliza kwa upole,” Mama Mwenyeji alianza. “Ijumaa, ulipokuwa unasafisha juu, hukuona hereni?”

“Hereni ya nani?”

“Ya huyu binti. Ya marehemu mama yake.”

Dada Ndoo akanigeukia. Yeye ndiye aliyekipangusa chumba kile kila wiki, akainua kila kitu na kukirudisha mahali pake. Alijua idadi ya kandambili zangu. Alijua pia kwamba masikio yangu hayajatobolewa.

“Mdogo wangu,” akasema taratibu, “wewe una hereni?”

Palihitajika neno moja tu. Ningesema, “Hapana, Dada, ni jino,” mambo yangeishia pale, na aibu yangu ningeimeza na chai. Lakini Mama Mwenyeji alikuwa ananitazama, na mimi bado nilimwona mwizi anayetafuta pa kujificha. Nikataka kuona ataenda mpaka wapi.

“Nilikuwa nayo,” nikasema.

Dada Ndoo hakubisha. Nadhani kilichomwumiza zaidi ni kwamba nimesema mimi.

“Sitaki makelele,” Mama Mwenyeji akamwambia. “Ukiirudisha, mlango huu uko wazi, nitasahau yote na kazi utaendelea nayo. Usiporudisha, nitawapigia ofisi iliyokuleta.”

Ofisi ile ndiyo iliyompangia nyumba zote alizosafisha. Simu moja tu, na Dada Ndoo amemwaga unga kila mahali.

Akachukua ndoo yake. Alipofika mlangoni akanigeukia na kusema, “Vaa skafu, nje kuna baridi.” Kisha akatoka.

Nikavaa skafu. Nikaenda kazini.

Sasa tufike Alhamisi.

Karakana tuliyofanyia mazoezi ya kazi ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha makubwa, mabenchi yamepangwa kama darasani. Kazi hufika kwa trei. Daktari wa meno hupiga chapa ya kinywa cha mgonjwa, sisi tunapata sanamu yake ya plasta, taya la juu na la chini. Unachonga jino kwa nta, unalizungushia plasta ngumu, unaliingiza kwenye tanuri nta iyeyuke itoke, halafu unayeyusha dhahabu na kuimimina kwenye nafasi iliyobaki. Dhahabu inakaa palipokuwa na nta. Ni kazi nzuri kwa mtu asiyetaka kuzungumza na watu.

Bosi wetu tulimwita Fundi Mkuu. Alikuwa mfupi, miwani miwili, mmoja machoni na mwingine juu ya upara. Alikuwa na sheria nyingi na zote zilihusu dhahabu. Kubwa kuliko zote: hakuna atokaye mlangoni bila kukung’uta aproni. Mlangoni palikuwa na sinia pana la bati. Ukienda chooni, kula au kwenu, unasimama juu yake na kujikung’uta, vumbi lidondoke. Wageni walidhani ni ibada ya aina fulani. Fundi Mkuu alisema kuna watu waliojenga nyumba kwa vumbi la dhahabu la kwenye mikunjo ya suruali.

Siku ile aliniwekea trei mbele yangu.

“Mzee mmoja, jino la mbele,” akasema. “Mteja kaleta dhahabu yake mwenyewe, kofia ya zamani. Nta nimeshachonga, plasta iko kwenye tanuri. Wewe yeyusha tu umimine.”

“Yote?”

“Yote. Mteja mwenye dhahabu yake ana macho mawili mbele na mawili nyuma. Usibakize chembe.”

Nikakichukua kifuko cha nailoni kilichokuwa kwenye trei, nikakimimina kiganjani.

Nilijua kabla sijapitisha kucha. Nikaipitisha hata hivyo. Kijifereji kile pale.

Niliitazama sanamu ya plasta. Vinywa ninavijua kuliko nyuso. Jino la chini lililolala upande kama mtu aliyechoka, pengo la mbele, taya lililonywea kushoto. Kinywa kile nilikuwa nakiona kila jioni kikitafuna. Meno yake ya bandia ya nyuma nilikuwa nikiyasugua mimi, kwenye meza ya jikoni, kwa hisani.

Alikuwa Bibi.

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Mama Mwenyeji alikuwa amenipora jino la mama yangu ili amzibe mama mkwe wake mdomo. Na amelileta kwenye karakana yangu, kwenye benchi langu, niliyeyushe kwa mkono wangu mwenyewe. Hata katika hadithi za mfululizo mtu angesema mwandishi katia chumvi.

Nikasubiri hasira. Nilikaa nikaisubiri kama mtu anayesubiri treni. Haikuja.

“Tanuri liko tayari,” Fundi Mkuu aliita kutoka upande wa pili.

Nikaliweka jino la mama kwenye kikombe cha kuyeyushia. Nikawasha kichomeo cha gesi, nikaupunguza ule moto wa njano mpaka ukawa wa buluu. Mikono ilifanya kazi yenyewe, ilifundishwa. Nikausogeza moto.

Dhahabu haiyeyuki mara moja. Kwanza inang’aa, halafu inafifia kidogo, halafu kingo zinaanza kulainika. Nilijua kingo ndizo za kwanza kwenda. Kijifereji kilikuwa ukingoni.

Nikazima moto.

Sikuamua, wasomaji wangu. Ningewaambia niliamua mngenisifu, lakini ni vidole tu vilivyofunga gesi. Nikalisubiri lipoe, nikalichovya kwenye maji, nikalitia kwenye mfuko wa suruali chini ya aproni.

“Vipi?” Fundi Mkuu aliuliza.

“Gesi haina nguvu. Nitaendelea baada ya chakula.”

“Kofia iko wapi?”

“Kwenye trei.”

Nikaelekea mlangoni. Nikapita kando ya sinia la bati bila kukung’uta. Nilisikia nyuma yangu mabenchi yamenyamaza, nikajua Fundi Mkuu ameinua kichwa na miwani yote miwili inanitazama. Hakuniita. Pengine alidhani nimezidiwa na msiba, maana alijua. Nikafika barabarani nikiwa nimevaa aproni yangu, mwizi kamili wa dhahabu ya mteja.

Nyumbani hapakuwa mbali. Njiani nilipanga maneno yangu. Ningeingia, ningeliweka jino juu ya meza, ningesema, “Mama Mwenyeji, hii ndiyo hereni yangu.” Baada ya hapo ningepanda juu kufunga mizigo. Nilirudia sentensi ile mpaka ikawa laini.

Nikafungua mlango wa jikoni.

Mama Mwenyeji hakuwa kazini. Alikuwa amekaa mezani, na Bibi amekaa ubavuni pake. Wameshikana mikono. Watu waliokuwa wakipitishiana chumvi kwa kuisukuma na kisu, wameshikana mikono! Mashine ya kufulia ilikuwa inazunguka kwenye kona yake.

“Ona, amekuja!” Mama Mwenyeji aliruka. “Wameshakuletea? Umeliona?”

“Kuona nini?” nikauliza.

“Jino, mtoto wewe! Jino la Bibi!”

Bibi alicheka, pengo lote nje.

“Nilitaka iwe siri mpaka liwe tayari,” Mama Mwenyeji akaendelea, “lakini nimeshindwa. Nimeomba ruhusa kazini nije nimwambie. Jumamosi nilipokuwa nabadilisha mashuka, droo yako ilikuwa haijafungika vizuri, kiboksi kimenasa juu. Nikakitoa ili niifunge, kikafunguka. Dhahabu! Kwenye droo ile ile aliyoitaja miaka yote na sisi tukamwona amechanganyikiwa. Nikajua mara moja kwamba ni wewe uliyeliokota nyuma ya droo.”

“Mimi?”

“Ukalihifadhi kwenye kiboksi chako, mtoto mwenye adabu, halafu msiba ukakusahaulisha kusema. Nikachukua jino, kiboksi chako nikakirudisha. Nilimpigia daktari simu siku ile ile, na siku aliyonipa nafasi nikalipeleka pamoja na Bibi. Alimjaribisha Bibi akimwambia ni vipimo tu; halikukaa. Akaniambia pembeni kwamba fizi za mzee hunywea, liyeyushwe litengenezwe upya. Nikafurahi, maana nilijua litapita mikononi mwako.”

Halikukaa. Bila shaka halikukaa. Lilichongwa kwa kinywa cha mtu mwingine, upande mwingine wa dunia.

Sentensi yangu niliyoilainisha njia nzima nikaitafuta, nikaona haina wa kuambiwa. Hapakuwa na mwizi.

“Mke wa mwanangu huyu,” Bibi alisema, “nimemwita mwizi mbele ya majirani. Mbele ya wajumbe wa kanisa nimemwita. Mbele ya mumewe. Kaninyamazia, kanipikia, kanikata kucha za miguu. Mungu anisamehe.”

“Yameisha, mama,” Mama Mwenyeji alisema, na machozi yakimtoka hakuyafuta. “Mimi nilichotaka ni ujue tu kwamba sikuchukua.”

Bibi akageuka akaitazama mashine ya kufulia kwenye kona.

“Leo inazunguka nguo tu,” akasema.

Wakacheka wote wawili mpaka wakashikana mabega. Nami nilisimama pale nikiwa na aproni, mkono mfukoni, kucha iko kwenye kijifereji. Nikilitoa, Mama Mwenyeji anarudi kuwa mwizi, safari hii bila hata tumaini la kusafishwa, na Bibi anarudi kuwa mzee aliyechanganyikiwa. Nikilirudisha kwenye trei, kesho mama yangu atakuwa kinywani mwa Bibi akila supu mbele yangu, hana kijifereji, hana uzi, hana chochote nitakachomtambulia.

Nikaona nirudi karakana. Nasema kweli, nilishageuka. Lilikuwa jino tu, nikajiambia, na mwenyewe hayupo, na hawa wawili wapo.

Mlango wa nyuma ukagongwa.

Alikuwa Dada Ndoo. Hana ndoo. Sikuwahi kumwona bila ndoo, alionekana kama amepungua. Kichwani alikuwa amefunga kitambaa kilichoshuka mpaka chini ya masikio, naye hakuwa mtu wa vitambaa.

Mama Mwenyeji akajifuta machozi, uso ukakaza.

“Ndiyo?”

Dada Ndoo akafungua kiganja. Palikuwa na hereni moja ya dhahabu, ndogo, yenye umbo la jani.

“Nimeiona,” akasema. “Ilinaswa kwenye brashi yangu ya mazulia. Ijumaa niliondoka nayo bila kujua.”

Niliijua hereni ile. Aliivaa kila siku niliyomfahamu, hiyo na mwenzake. Siku moja alinisimulia kwamba mume wake ndiye aliyemnunulia kabla hajafariki, na kwamba ndiyo mali pekee aliyoweza kuvuka nayo mpaka bila kuulizwa. Nikaelewa kitambaa ni cha nini.

Mama Mwenyeji akaipokea. Akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Siku ile alikuwa na furaha nyingi, alitaka kuigawa.

“Basi nashukuru,” akasema. “Kweli nashukuru. Nilikwambia nitasahau, na nimesahau. Jumatatu uje kazini. Yameisha.” Kisha akanigeukia, kiganja wazi. “Mwanangu, leo ni siku ya vilivyopotea. Ndiyo yenyewe?”

Akaisogeza karibu na uso wangu.

“Ni hii?”

Dada Ndoo alinitazama. Hakukuwa na lawama machoni mwake, na ningefurahi kama ingekuwepo. Alikuwa ananisihi tu. Midomo yake ilicheza bila sauti, lakini vinywa mimi navisoma.

Sema ndiyo, mdogo wangu.

Mashine ya kufulia ikamaliza mzunguko wake, ikatetemeka kidogo, ikazima. Bibi naye alikuwa ananitazama sasa, anatabasamu na pengo lake.

Na hapo ndipo nikahisi. Mama yangu amekufa. Mama yangu amekufa na sikumzika, na mwanamke aliyekaa na mimi kwenye ngazi siku ile amesimama mlangoni amejivua hereni yake kwa ajili ya uongo wangu. Ganzi ilikuwa inaisha, na mliowahi kung’olewa jino mnajua ikiisha kinafuata nini.

“Mwanangu?” Mama Mwenyeji aliita.

Nikautoa mkono mfukoni, jino ndani, ngumi bado nimeikunja.